Gita la Marehemu Ndugu Yangu na Kopo la Rangi

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanijua kwa beti, si kwa bisibisi. Kwa hivyo huenda wakashangaa nikiwaambia ya kwamba miezi mitatu iliyopita niliipitisha uani kwangu hapa Mombasa, nimejifunga kikoi, mikono imejaa vumbi la mbao hadi viwikoni, nikimsaidia kijana mmoja kulipaka gita rangi ya kopo, ile ya kupuliza kwa kidole. Kijana huyo ni mwana wa ndugu yangu, na gita lilikuwa la babake.

Mambo mawili yamenifanya nishike kalamu. La kwanza ni kwamba kazi hiyo wengi huiona mchezo wa nusu saa, kumbe ina adabu zake, na asiyezifuata hujuta. La pili ni jina lililokuwa mgongoni mwa gita.

JINA LILIVYOLETA UZITO

Ndugu yangu mkubwa alilinunua gita hilo mwaka 1984 kwa baharia mmoja aliyeshuka Kilindini. Ni gita la umeme lililotengenezwa Japani. Mwili wake ni ubao mzima, hauna tundu la kutolea sauti. Alilipiga maarusini miaka mingi, akikaa nyuma ya mwenye udi na mwenye kinanda, na watu wakampenda.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya ala za muziki tangu zamani, nami si mufti wala sikusudii kuliamua hapa jambo lililowashinda walionizidi. Baba alikuwa katika wale wasiozipenda. Lakini lililomkera zaidi halikuwa gita lenyewe. Ndugu yangu alikuwa amechora jina lake mgongoni mwa gita kwa ncha ya msumari, kwa herufi za Kiarabu, na jina lake ni katika yale yanayoanza kwa Abdul na kukoma kwa jina mojawapo la Mwenyezi Mungu.

"Piga utakavyo," baba alimwambia, nami nikisikia, "lakini jina la Mola usilipeleke ngomani likalazwa chini miguuni mwa watu."

Ndugu yangu akajibu kwamba hilo ni jina lake, na aliyempa ni baba mwenyewe. Basi wakakaa miaka miwili hawasemezani ila kwa salamu. Baadaye walipatana, lakini jina halikufutwa. Baba alifariki mwaka 1996 jina likiwa pale pale. Ndugu yangu naye akamfuata mwaka 2004, akamwacha mwanawe ana miaka mitatu. Gita likapandishwa juu ya kabati, likafunikwa leso, likakaa.

Mwaka huu kijana akaja nalo mkononi. "Shikamoo, ami," akasema. "Nimealikwa kupiga kwenye arusi ya rafiki yangu. Nataka kulipaka rangi ya samawati."

Nikamwambia vyema, nami nitamsaidia, ila kazi ya kwanza ni kulifuta lile jina kama alivyotaka babu yake. Kijana akainama kidogo, kisha akasema: "Ami, mimi sina maandishi mengine ya baba." Sikuwa na jawabu. Nikamwambia tuanze kazi, la jina tutalitazama tukifika.

MAGITA NA RANGI YA MOTOKAA

Kabla sijaeleza tulivyofanya, heri msomaji ajue rangi hizi zimetoka wapi. Neno gita lenyewe ni ndugu wa *qitara* ya Kiarabu, nalo neno udi ni *al-ud*, yaani mti. Udi haukupakwa rangi nzito kama sanduku la bibi arusi. Uso wake ni ubao mwembamba sana, kiasi cha milimita mbili, na mafundi wengi huuacha bila rangi kabisa, kwa sababu uso huo ndio unaotikisika na kutoa sauti. Ukiupaka tabaka nene umeuziba mdomo. Kwa hivyo asitokee mtu akasoma makala haya akaenda kuupulizia udi wa babu yake! Waliomsikia hayati Zein l'Abdin, aliyetutoka mwaka 2016, wajua udi unaoachwa utikisike husema nini.

Gita la umeme ni jambo jingine. Sauti yake hushikwa na sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zilizo chini ya nyuzi. Mwili ni wa kushikilia tu, na rangi haiudhuru sana. Ndipo Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, alipoanza kuuza magita ya ubao mzima mwaka 1950, kisha mwaka 1954 akatoa lile liitwalo Stratocaster, akaona hana haja ya rangi za maseremala. Akachukua rangi za motokaa. Kampuni ya DuPont ilikuwa imeleta katika miaka ya 1920 rangi ya nitroselulosi iitwayo Duco, iliyokauka upesi kuliko zote za kabla yake, na rangi nyingi zinazosifika katika magita ya zamani ni zile zile zilizopakwa motokaa za Marekani.

Kopo la kupuliza nalo lilibuniwa mwaka 1949 na Edward Seymour wa mji wa Sycamore, Illinois. Alitaka njia nyepesi ya kuonyesha rangi yake ya alumini, na mkewe ndiye aliyempa rai ya kuitia katika kopo lenye hewa iliyoshindiliwa. Tangu hapo kila mwenye kidole akawa mpaka rangi. Mpigaji mashuhuri Eddie Van Halen, aliyefariki mwaka 2020, alilipaka gita lake mwenyewe nyumbani, akalizungushia utepe, akapuliza, akautoa utepe ikabaki mistari. Gita hilo liliwekwa katika maonyesho ya jumba kubwa la sanaa la Metropolitan, New York, mwaka 2019.

Nasi watu wa pwani tusijione wageni katika habari za vanishi. Sandarusi iliyochimbwa ardhini huko Mrima, ule utomvu wa kale wa msandarusi uliogeuka kama jiwe la rangi ya asali, ilisafirishwa kutoka Unguja katika karne ya 19 hadi Bombay, Hamburg na Salem kule Marekani. Huko iliyeyushwa kwa mafuta ikawa vanishi bora ya magari ya farasi na samani. Wachimbaji wake hawakujua inakwenda kung'arisha nini.

KULIVUA NGUO

Sasa turudi uani. Kazi ya kwanza ni kulivua gita lote. Nyuzi zilegezwe kidogo kidogo, zisikatwe zikiwa zimekazwa. Shingo ilishikwa kwa skrubu nne kwa nyuma. Tukazitoa, tukaziweka katika kikopo chao na karatasi yenye maelezo. Kila kundi la skrubu na kikopo chake, kwani skrubu ya shingo si ya bamba la uso. Nyaya za sumaku kijana alizipiga picha kwa simu kabla ya kuzilegeza risasi, nami, mtu wa zamani, nikazichora katika daftari. Mwishowe mchoro wangu ndio uliotumika, kwa kuwa simu ilikuwa imezimika.

Kisha msasa. Neno hili vijana walijua kuwa ni karatasi ya dukani, lakini msasa ni mti, na majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Chuoni kwa baba ndiyo tuliyotumia. Somo likiisha tuliosha wino katika ubao, maji yale tukayamwaga mahali safi pasipokanyagwa, kisha tukausugua ubao kwa majani ya msasa hadi ukawa laini tayari kwa somo jingine. Baba alikuwa akituambia: "Sugua pole pole. Ubao husafishwa, hauchimbwi."

Maneno hayo yanalifaa gita kuliko kitabu chochote. Rangi ya zamani ilikuwa nene na ngumu. Tukaanza na msasa nambari 120, tukaingia 180, kisha 240, tukamalizia 320. Kadiri nambari inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Msasa uvingirishwe kwenye kipande cha ubao ili uso usiwe na mabonde, na usuguliwe kufuata nyuzi za mbao, si kuzikata. Ukiruka nambari moja kwa uvivu, mikwaruzo uliyoiacha itakungoja chini ya rangi, nayo rangi haifichi mkwaruzo bali huutangaza. Na muda wote huo puani mna kizuizi, kwa maana vumbi la rangi kuukuu si la kumeza.

JINA

Tulisugua uso na mbavu siku tatu. Mgongo tukauacha. Siku ya nne haukubaki ila mgongo, na lile jina likitutazama.

Mimi nilikuwa na hoja ya baba, na sikuona kosa lake. Gita laenda maarusini, laegemezwa ukutani, lalazwa chini, laruka watu juu yake. Jina la Mola si la kuwekwa hapo. Kijana naye alikuwa na hoja yake, na hiyo pia sikuona kosa lake. Alikua bila kumjua babake. Sauti yake hakuirithi katika kanda yoyote, picha zake ni mbili, na mkono wake umo katika ubao ule tu.

Nikaushika msasa, nikauweka juu ya herufi ya kwanza, mkono ukakataa kwenda. Nilimwona ndugu yangu akiwa ameinama na msumari, ulimi ameutoa nje kama mtoto wa chuo aandikaye alifu yake ya kwanza. Nikauweka chini msasa, nikaenda kuswali adhuhuri.

Niliporudi nilimkuta kijana ameweka karatasi nyeupe juu ya jina, anapitisha penseli kwa ubavu wake, taratibu. Herufi zikatoka moja moja, nyeupe katika weusi wa penseli, mkono ule ule, hata pale msumari ulipoteleza. Akaikunja karatasi ndani ya bahasha, akanipa. "Sasa futa, ami," akasema. "Babu atakuwa radhi, na mimi sijapoteza."

Nikatandika karatasi safi chini ili vumbi lisikanyagwe, nikasugua mwenyewe. Msumari ulikuwa umeingia sana. Herufi zote zikaondoka, ila nukta ya nuni, herufi ya mwisho, ambayo ndugu yangu aliitia kwa kishindo. Kuifuta hiyo ingebidi kuchimba, nami nilikwisha kufunzwa ya kwamba ubao hauchimbwi. Nukta peke yake si jina la mtu wala la Mola. Tukaiacha, hata puti hatukuitia. Vumbi nikalikusanya katika karatasi, na jioni nikalipeleka baharini.

MASIKA YALIVYOTUADHIBU

Baada ya msasa ni rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima. Huziba vinyweleo vya mbao na kuifanya rangi ishike. Kabla ya hapo tuliziba kwa utepe wa karatasi kile kijishimo ambamo shingo hukaa, kwa sababu rangi ikiingia humo shingo haikai sawasawa na gita halishiki sauti. Tukatia kijiti penye skrubu za shingo, tukalitundika gita kwenye kamba ya nguo ili tulizunguke pande zote bila kuligusa. Tabaka tatu nyembamba, tukaziacha siku moja, tukazipitisha msasa 400.

Kisha samawati. Hapa ndipo nilipoharibu, na kosa ni langu, si la kijana. Mimi nimezoea kupaka milango kwa burashi, mkono mzito, mara moja imekwisha. Tena ulikuwa mwezi wa Mei, masika yamekaza, mvua imeanuka asubuhi na hewa imejaa maji. Kijana akasema tungoje. Nikasema arusi haingoji. Nikalikaribia gita kama shibri moja, nikalishindilia rangi. Mara ikaanza kuteremka kama machozi. Baada ya robo saa uso wote ukapata ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Nikadhani kopo ni bovu. Kumbe sababu yajulikana. Thina iliyo ndani ya rangi ikiruka hewani huupoza uso, na hewa ya masika ikigusa uso uliopoa huacha maji juu yake, kama gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Maji hayo hunaswa ndani ya rangi inayokauka. Rangi ikiwa nene ndiyo balaa zaidi.

Ikabidi tungoje wiki nzima ikauke, tuisugue yote hadi praima, tuanze upya. Arusi ya rafiki ikapita, kijana akaenda mikono mitupu kama wageni wengine. Hakunilaumu hata kwa neno moja, nami nikaona ingalikuwa nafuu lau angalinilaumu.

Mara ya pili tulifanya kwa adabu. Tulingoja mvua zipungue na kusi ikaushe hewa, tukachagua siku ya jua, kiasi cha saa nne asubuhi, umande umekwisha na upepo wa alasiri haujaanza kurusha mchanga. Kopo litikiswe dakika mbili kamili baada ya kidude cha ndani kuanza kugonga. Liwekwe mbali na gita kiasi cha futi moja. Kidole kianze kubonyeza kabla ya kulifikia gita na kiachie baada ya kulipita, mkono ukienda sambamba bila kusimama, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe kama vumbi tu, ubao uonekane. Usiogope. Ngoja dakika kumi na tano, pitisha la pili, kisha la tatu na la nne. Rangi nzuri hujengwa, haimwagwi.

Kesho yake tukapuliza vanishi isiyo na rangi, tabaka saba kwa siku mbili. Vanishi na rangi ziwe za jamii moja. Rangi zisizopatana zikikutana, ya chini hukunjamana kama uso wa mzee. Kwa hivyo jaribu kwanza juu ya kipande cha ubao.

Nawausia jambo moja zaidi. Kitambaa cha puani hakitoshi. Vaeni kizuizi chenye mkaa ndani yake, na kazi ifanywe nje, mbali na jiko na sigara, kwani mvuke huo hushika moto. Na yako makopo yenye dawa ya kukazia iliyofungwa ndani, ambayo huvunjwa kwa kubonyezwa kabla ya kupuliza. Hukauka vigumu kama jiwe, lakini mengi yana sumu iitwayo aisosayaneti, iwezayo kuyadhuru mapafu kwa maisha yote. Hayo waachieni mafundi wenye vyumba na vifaa vyao.

KUNGOJA

Gita lilikaa limetundikwa wiki nne. Kijana alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, analikaribisha pua. Maadamu wasikia harufu ya thina, rangi bado yapumua, na ukiigusa kwa msasa utaiharibu. Harufu ilipokwisha tukausugua uso kwa msasa wa majini, nambari 1000, kisha 1500, kisha 2000, maji yakiwa na tone la sabuni, tukiyahadhari matundu ya skrubu kwa sababu mbao ikinywa maji huvimba. Mwishowe tukapaka dawa ya kung'arishia motokaa, tukasugua kwa kitambaa laini. Nikauona uso wangu ndani ya gita, ndevu na mvi zote.

Tukarudisha nyaya kwa mchoro wangu, shingo ikakaa mahali pake, nyuzi mpya zikafungwa. Mwezi uliopita kijana alilipigia kwenye arusi nyingine. Nami nilikaa nyuma, penye wazee, nikisikiliza. Alipopumzika alilegemeza gita kitini, mgongo ukielekea kwetu. Mgongo ulikuwa wa samawati tupu, safi, wala hapakuwa na mtu wa kuhuzunika kwa kuutazama.

Alipokuja kunisalimu nikamwona anapitisha kidole gumba chake pale chini, mwisho wa mahali lilipokuwa jina. Nikatia changu. Chini ya rangi na vanishi yote, ile nukta ya nuni bado yasikika.

Gita si la jana lile, limevaa samawati,
Jina haliko papale, limo ndani ya kabati,
Kidole chagusa kile, kilichobaki kwa dhati,
Mola mrehemu yule, umpe njema janati.